Kioo Kinachoondoka

La Pointe, Wisconsin
2 Novemba 2008

Kwa mtu aliyepika kioo cha mkupuo namba 318,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Jina langu ni Marit Nordvall, nina umri wa miaka kumi na mitatu na niko darasa la nane. Namba ya mkupuo wako, yaani kioo kilichopikwa pamoja kwa mara moja, nimeitoa kwenye kikaratasi cha kunata ambacho hospitali ilimpa mama siku niliporuhusiwa kurudi nyumbani. Kimetaja karakana yenu na mji wenu, lakini hakikutaja mtu. Mwalimu wangu wa sayansi, Bwana Pruett, anasema kioo hakijipiki chenyewe, kwa hiyo lazima uko mahali fulani.

Kioo chako kiko ndani ya mguu wangu wa kulia, kwenye mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Agosti niliteleza kwenye ngazi za gati, ngazi tatu tu, na mfupa ukavunjika kama mkate mkavu. Walipopiga eksirei wakakuta mfupa ulikuwa na shimo, mfuko wa maji uliokuwa ukikua humo kimya kimya bila kunitaarifu. Mwezi Septemba Daktari Okerlund aliukwangua, akajaza shimo kwa chembe za kioo chako. Anasema si kioo cha kawaida, ni kioo kinachoelewana na mfupa. Sentensi hiyo naipenda sana. Huwa nairudia nikipanda kitanda.

Sasa nakueleza kwa nini nakuandikia. Sisi tunakaa kisiwani na shule iko ng'ambo, Bayfield. Majira ya joto tunavuka kwa feri, na ziwa likiganda vya kutosha tunavuka kwa barabara ya barafu. Baba yangu ni mmoja wa wanaotoboa barafu kwa kekee ili kupima unene wake na kusimika kando ya njia miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika, ili watu wasipotee kwenye ukungu. Katika ukoo wetu, mtoto akiwa darasa la nane huvuka barabara ile kwa miguu, maili mbili na nusu, peke yake, na wazazi humngoja ng'ambo na chupa ya kakao ya moto. Bibi alivuka. Mama alivuka akiwa na homa. Dada yangu alivuka akiimba, na mpaka leo hajaacha kutusimulia.

Daktari anasema kufikia katikati ya Februari mfupa ukiwa haujajijenga, ataingiza fimbo ya chuma, na nitakaa na magongo mwaka mwingine mzima. Kwa hiyo ningependa kujua kioo chako ni cha namna gani. Kilipikwa siku ya aina gani? Kinaogopa baridi? Huku kwetu kuna baridi sana.

Wako mwaminifu,
Marit Nordvall


Tannery Creek, New York
14 Novemba 2008

Kwa Marit, mwenye mguu,

Ni mimi. Barua yako ilizunguka ofisini siku nne, kila mtu akiisoma na kusema si yake, mpaka ikateremshwa tanurini ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa. Nimepika kioo miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuandikiwa na mguu. Naandikia nyumbani, kwa karatasi yangu mwenyewe, kwa sababu ofisi haipendi watu wa tanuri wawe na maoni.

Jina langu ni Lorna Zielinski. Niite Lorna. Bibi Zielinski alikuwa mama mkwe wangu, na hatukupatana.

Mkupuo wako naukumbuka. Ilikuwa Aprili, mvua ilikuwa ikinyesha, redio ya karakana ilikuwa imekufa, na mwenzangu Gus alichukua nafasi yake kwa kuimba, jambo ambalo nisingemtakia adui. Tunapima mchanga mweupe, magadi, chokaa na unga wa fosfati, tunachanganya, tunatia kwenye chungu cha platini, na tanuri linafanya kazi yake. Ukichungulia kwa miwani ya giza unaona kitu kama asali inayowaza. Kikishatulia tunakimimina kwenye maji baridi, na kinapasuka kwa kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Tunakikausha, tunakiyeyusha tena, maana kupika mara moja hakutoshi, kisha tunakiponda na kukichekecha mpaka zipatikane chembe kama chumvi ya mawe. Ndizo ulizo nazo.

Kuhusu baridi usiwe na wasiwasi. Kioo chako kilitupwa kwenye maji baridi kikiwa bado chekundu. Baada ya hapo hakuna cha kukitisha.

Mimi ni mtoto wa watu wa kioo. Babu yangu alipika kioo, baba yangu alipika kioo cha madirisha, na madirisha yao bado yapo, watu wanachungulia kupitia kwayo mpaka leo. Kioo hakiozi, hakishiki kutu, hakichoki. Kioo kizuri humzidi umri mwenyewe. Na changu ni kizuri. Utazeeka, utapata mvi, utakuwa na wajukuu wasumbufu, na hicho kitakuwa bado kimekaa humo kwenye muundi wako, kimenyooka kama askari.

Vuka barafu yako. Msalimie Bwana Pruett.

Lorna


La Pointe
30 Novemba 2008

Mpendwa Bi Lorna,

Mama hataki niwaite watu wazima kwa jina tupu, kwa hiyo nimeweka Bi. Natumaini si vibaya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Bwana Pruett aliisoma mbele ya darasa zima, ila sehemu ya mama mkwe aliiruka. Tulipofika kwenye asali inayowaza, hata Cody Lund aliacha kutupa vifutio.

Tangu siku hiyo nikikaa darasani karibu na dirisha hunijia picha moja, nikiwa macho kabisa. Naona ndani ya mguu wangu kuna chumba kidogo chenye kuta za kioo, na mwanga unaingia kutoka upande ambao sijui ni upande gani. Hakuna mtu humo, lakini kuna mtu ametoka sasa hivi na atarudi. Nikiona hivyo mguu hauniumi. Sijamwambia mtu, maana Cody angenichora ukutani.

Huwa nafikiria pia kile ulichosema, kwamba kitakuwepo hata nikiwa bibi. Nimekuwa nikiogopa kwamba mwili wangu hauna kitu cha kutegemea, kwa kuwa mfupa ulikuwa na shimo na haukusema. Sasa nina kitu kimoja humo ambacho hakiondoki.

Tarehe 12 Desemba nitapigwa picha nyingine, na kuanzia siku hiyo nitaruhusiwa kukanyaga kidogo kidogo. Ziwa limeanza kutengeneza ukoko pembeni. Baba kila asubuhi hulitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Wako,
Marit


La Pointe
15 Desemba 2008

Mpendwa Bi Lorna,

Naomba barua hii uisome peke yako na usimwambie mtu yeyote.

Ijumaa nilipigwa picha. Daktari Okerlund aliitundika kwenye ubao wa mwanga, ile ya Oktoba upande wa kushoto na hii upande wa kulia. Alizungumza na mama kwa muda mrefu na alikuwa na uso wa furaha, lakini sikusikia alichosema kwa sababu nilikuwa natazama. Kwenye picha ya Oktoba chembe zako zilionekana wazi, nyeupe, zenye kingo kali, kama nyota zilizosongamana. Kwenye picha ya Desemba zimefifia. Nyingine hazipo. Pembeni pamebaki ukungu tu.

Niliomba kuzishika picha, nikajifanya naziangalia kwa ajili ya somo, nikazinakili kwa karatasi ya kuchorea. Nimezihesabu nyumbani. Mwezi wa Oktoba niliweza kutofautisha chembe arobaini na tatu. Sasa ni kumi na tisa. Nakutumia nakala.

Bi Lorna, kioo kinaisha. Uliniambia kioo kizuri hakichoki, na najua kwamba wewe husemi uongo, kwa hiyo kosa liko kwangu. Nadhani mwili wangu unakila. Kama ulivyokula mfupa, sasa unakula na kioo.

Wananiambia nikanyage, lakini nikikanyaga juu ya shimo nitavunjika tena, na wakati huu hakutakuwa na cha kujazia. Kwa hiyo nimeamua kulinda zile kumi na tisa. Mbele ya mama naweka mguu chini, lakini uzito wote naubeba kwa magongo. Mikono imepata malengelenge. Nyumbani wanafurahi sana kuniona nikitembea, na mimi nawaacha wafurahi, ni karibu Krismasi.

Nauliza tu kama unaweza kupika kingine ambacho mwili wangu hautakiweza. Ningemwomba daktari akitie wakati huo huo anapotia chuma. Kama una jibu, tafadhali andika haraka.

Marit


La Pointe
8 Januari 2009

Mpendwa Bi Lorna,

Heri ya mwaka mpya.

Nimekwenda posta kila siku isipokuwa siku ya dhoruba. Bibi wa posta ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili nisijisumbue kupanda ngazi. Nimeelewa. Kama mkupuo wangu ulikuwa na kasoro, si lazima uandike. Najua ni vigumu kumwandikia mtu jambo la namna hiyo, na hukunikosea lolote, ulipika vizuri kwa kadiri ulivyojua.

Barafu imefika inchi kumi na moja. Jana baba alisimika miti ya kwanza. Kutoka jikoni unaweza kuiona, midogo, mingine bado ina nyuzi za fedha zinazometameta. Inakwenda moja kwa moja ng'ambo kama mstari wa mwandiko wa mtu makini. Baba aliniuliza nataka kuvuka wiki gani. Nikamwambia mwezi wa Machi, halafu nikaenda chumbani.

Sitakusumbua tena. Asante kwa kunieleza kuhusu mvua na Gus.

Marit Nordvall


La Pointe
12 Januari 2009

Bibi Zielinski,

Mimi ni Karin Nordvall, mama yake Marit. Hatufahamiani, na nitajitahidi kuandika kwa adabu.

Jana nilikuwa nikisafisha viatu mlangoni. Buti la kushoto la binti yangu limelika soli mpaka kisigino kimepinda. La kulia, la mguu uliofanyiwa upasuaji, ni jipya kabisa, bado linang'aa kwa chini kama lilivyotoka dukani mwezi wa Desemba. Tulimwona akitembea nyumbani wiki nne. Kumbe hakukanyaga hata siku moja.

Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba, kisha akalia bila sauti. Mwisho akatoa barua yako chini ya mto, imekunjwa mpaka imekuwa kitambaa, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole. Kioo kizuri humzidi umri mwenyewe.

Daktari alitueleza wazi kwamba kioo kinatakiwa kuyeyuka. Mimi nilisikia. Yeye hakusikia, na mimi nikadhani amesikia. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini nimemweleza mara tatu sasa, na mara zote jibu lake ni moja: "Daktari hakukipika. Bi Lorna ndiye aliyekipika."

Ana wiki tano. Mfupa usipokanyagiwa haujijengi, na Februari wataingiza chuma. Sikuombi radhi wala sitaki uniombe. Mwandikie mtoto wangu ukweli, kwa sababu ni wewe tu anayekuamini.

Karin Nordvall


Tannery Creek
16 Januari 2009

Marit,

Kaa chini kwanza. Halafu soma hii polepole, na usiruke mistari ili ufike mwisho, najua watoto mnavyosoma.

Barua yako ya Desemba niliipata. Uliniambia nisimwambie mtu. Niliiambia ofisi nzima. Hapa kwetu kuna sheria: mgonjwa akiandika kwamba kuna jambo haliendi sawa na kioo, aliyeipata barua lazima aifikishe kwa wakaguzi kabla ya siku kwisha, hata kama ameapishwa kwa roho ya mama yake. Nikaipeleka. Wakaniuliza kwa nini namwandikia mgonjwa, nikasema kwa sababu aliniandikia. Wakanikataza kushika kalamu mpaka mkupuo wako upimwe upya. Kila mkupuo tunaweka akiba yake kabatini, kichupa kimoja chenye namba. Wametoa kichupa cha 318, wakakipima kwa wiki tatu, kila namna. Hakina kasoro hata moja. Ndiyo maana nilikuwa kimya. Ulidhani kimya changu ni jibu. Hapana, kilikuwa ni karatasi za ofisini tu.

Sasa kosa. Kosa ni langu, na halimo kwenye kioo.

Baba yangu alikuwa akituendesha kwenye gari kila Jumapili baada ya kanisa. Kila tulipofika mbele ya benki, au shule, au duka la dawa, alipunguza mwendo na kuelekeza kidole kwenye dirisha. "Kile changu," alikuwa akisema. Dirisha baada ya dirisha, mji mzima. Mimi na dada yangu tulikuwa tukicheka nyuma, lakini ndivyo tulivyofundishwa kioo ni nini. Ni kitu kinachobaki ili uelekeze kidole.

Nilipomwambia kwamba nimepata kazi ya kupika kioo kinachoyeyuka ndani ya watu, alicheka mpaka akakohoa. "Lorna," akasema, "umekuwa mpishi wa sukari." Amekufa miaka kumi na miwili sasa na bado namjibu.

Unaona? Miaka thelathini na mmoja sina dirisha hata moja. Kila ninachopika kinaingia mahali pa giza na kuondoka. Kisha mtoto mmoja ananiandikia kutoka kisiwani, na mkono wangu ukaandika maneno ya baba. Sikukusudia kukudanganya. Nilitaka tu, mara moja, kioo changu kibaki mahali.

Ukweli ni huu. Kioo chako kinatakiwa kuondoka. Kikilowa ndani yako kinaachia chokaa yake na fosfati yake taratibu, na hizo ndizo mfupa unazojengea. Juu ya kila chembe inaota ngozi nyeupe. Mfupa unaigusa ngozi ile, unadhani amekuja ndugu yake, unaishika. Kioo kikirudi hatua nyuma, mfupa unasogea hatua mbele, mpaka siku moja unakaa pale kioo kilipokuwa. Zile ishirini na nne zilizopotea kwenye hesabu yako hazikuliwa. Zimehama. Ule ukungu uliouchora pembeni, mtoto wangu, ni wewe.

Lakini mfupa ni mvivu kama Gus. Usipousimamia haujui kama unahitajika.

Najua mtu akidanganywa mara moja hatosheki na maneno, hata yawe matamu. Kwa hiyo kwenye kifurushi hiki utakuta gololi mbili na chupa ya maji. Gololi moja ni kioo cha dirisha, nimeiyeyusha kutoka kwenye kipande cha baba. Ya pili ni kioo cha aina yako, niliitonesha mwenyewe mwisho wa chungu, na ofisi inajua, nimetia saini. Sitakwambia ipi ni ipi. Zinafanana. Maji ni yale tunayopimia kioo hapa, yana chumvi zile zile zilizo kwenye damu. Yataganda njiani, yaache yayeyuke. Weka kila gololi kwenye chupa yake, mimina maji, na uziweke mahali penye joto la mwili wa mtu, si zaidi na si pungufu. Bwana Pruett atajua. Usizitikise. Siku kumi na mbili. Kisha ziangalie, na uniambie ipi ungependa iwe ndani ya mguu wako.

Lorna


La Pointe
9 Februari 2009

Mpendwa Bi Lorna,

Kifurushi kilifika kikiwa kimeganda kabisa, na posta nzima walitaka kujua kilichomo.

Shuleni tuna sanduku la joto la kuangulia vifaranga ambalo hutumika kila mwezi wa Aprili. Bwana Pruett alilileta kutoka stoo, akalifuta vumbi, akaweka kipimajoto. Chupa mbili zikakaa humo mahali pa mayai. Cody Lund akauliza tunatarajia kuangua nini, madirisha? Lakini kila mapumziko alikuwa wa kwanza kuja kuchungulia.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili sikuona kitu. Zilikuwa sawa kama macho mawili. Siku ya nne ile ya kushoto ilianza kuwa na umande ambao haukufutika. Kila siku ulizidi kidogo, kama pumzi ya mtu anayelala karibu na kioo. Siku ya tisa haikuwa kioo tena, ilikuwa nyeupe, laini, kama jino la mtoto. Ile ya kulia ilikuwa vile vile, safi, inang'aa, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Siku ya kumi na mbili Bwana Pruett alizitoa na kuniwekea mkononi. Ya dirisha ilikuwa nzuri sana, Bi Lorna, baba yako alikuwa fundi. Lakini nilipoifunga mkononi ilikuwa mgeni tu. Ile nyeupe ilikwaruza kidogo, na nilipoipapasa kwa kidole nilihisi kama naipapasa kutoka pande zote mbili. Sijui kulieleza vizuri zaidi.

Nilirudi nyumbani kwa barabara ya barafu, ndani ya gari la baba. Miti ilikuwa inapita mmoja mmoja dirishani. Nikafikiri: kila mtu kisiwani anajua kwamba barabara hii itaondoka, na bado tunaipita na magari na mbwa na mikate ya dukani. Haijawahi kutokea mtu akasema imetudanganya. Ina kazi ya kutushika mpaka feri irudi, basi. Nilishangaa kwamba nimeishi juu yake miaka kumi na mitatu na sikulijua hilo.

Jioni ile mama alikuwa anakanda unga wa mkate wa mdalasini. Nikaegemeza magongo ukutani, yote mawili, nikaweka mguu wa kulia sakafuni, nikauachia uzito. Mama hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama kwenye unga.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma kama mguu," nikasema. "Haiumi kama shimo."

"Polepole," akasema, akaendelea kukanda, na nikaona kwamba anakanda hewa, mikono haiugusi unga.

Tangu siku hiyo natembea kutoka mlangoni mpaka kwenye sanduku la barua mara nne kwa siku. Daktari Okerlund amepiga simu. Amesema ataisubiri picha ya mwanzo wa Machi kabla ya kuamua juu ya chuma. Hajaahidi kitu. Barafu nayo haiahidi, baba anasema mwaka huu barabara inaweza kufungwa mapema.

Uliniuliza ningependa ipi iwe ndani ya mguu wangu. Unajua jibu. Ile ya dirisha nimekurudishia humu, kwa sababu ni ya baba yako. Nyeupe naomba nibaki nayo.

Wako,
Marit

N.B. Sijakasirika. Nilifikiri unapaswa kujua.


La Pointe
9 Machi 2009

Mpendwa Bi Lorna,

Nakuandikia mezani jikoni, mguu wangu ukiwa juu ya kiti kingine, umevimba kama mkate, na nina furaha.

Alhamisi nilipigwa picha. Daktari Okerlund aliitundika kwenye ubao wa mwanga. Safari hii nilisikiliza kila alichokisema. Alitoa kalamu na kuanza kutafuta mahali kioo kilipo. Alitafuta kama mtu anayetafuta miwani yake. Mwishoni alichora duara dogo kuzunguka vumbi la nukta chache, karibu na ukingo, na akasema pengine ni haya, na pengine ni uchafu wa picha. Chuma hakuna. Mama alimkumbatia, naye ni mtu asiyezoea kukumbatiwa.

Baba alisema barabara inafungwa Jumatatu, jua limekuwa kali. Kwa hiyo ilikuwa jana Jumapili, au mwaka mwingine, na mwaka mwingine ningekuwa darasa la tisa. Walitangulia kwa gari. Nikabaki kwenye ukingo wa kisiwa na mti wa kwanza.

Miti iko themanini na sita. Ukungu ulikuwa mwembamba, ukiwa kwenye mti mmoja unaweza kuona miwili ya mbele, na wa tatu unaukisia. Barafu ilikuwa ikiimba chini, sauti ndefu inayotoka mbali na kupita chini ya buti zako na kwenda zake. Mahali pengine upepo umefagia theluji na unaona mpaka ndani, nyeusi, na mapovu meupe yamesimama humo yakisubiri. Nilikanyaga juu yake. Kulia, kushoto. Nilisahau kwa muda mrefu ni mguu upi uliovunjika.

Kwenye mti wa hamsini na mbili nilikumbuka. Nilikaa juu ya mkoba wangu. Nilikuwa nimejiapia kutokaa, na nakuambia kwa sababu sisi wawili tumeshakubaliana kusema mambo yalivyo. Gari la Bwana Lund, baba yake Cody, lilipita, akapunguza mwendo, akashusha kioo.

"Unangoja basi, Marit?"

"Namngoja mfupa wangu," nikasema. "Yuko nyuma kidogo."

Akafikiri, akatikisa kichwa, akaenda zake taratibu sana, na taa zake za nyuma zikabaki kwenye ukungu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikasimama. Mama anasema walianza kuniona kwenye mti wa themanini. Hawakuja kunipokea. Walisimama na chupa ya kakao, na baba alikuwa ametazama pembeni, akijifanya anakagua barafu.

Leo asubuhi waliweka kizuizi. Miti imebaki yenyewe.

Daktari alinipa picha zote mbili, kwa sababu niliomba vizuri. Ile ya Oktoba, yenye nyota, nimebaki nayo. Hii ya Machi ni yako. Tafadhali ishike pembeni, alama za vidole hazitoki.

Wako kwa upendo,
Marit


Tannery Creek
22 Machi 2009

Marit mpenzi,

Imefika bila mkunjo. Nimeibandika kwenye dirisha la jikoni, lile linalotazama mashariki, juu ya sinki. Asubuhi jua likiingia mguu wako unaning'inia juu ya vyombo vyangu, mkubwa, wa buluu, na mwanga unapita pote. Gololi ya baba nimeiweka chini yake kwenye kizingiti. Wanaelewana.

Gus alikuja, akaitazama, akavua kofia. Hakuimba, mshukuru Mungu.

Leo, baada ya kanisa, dada yangu alipita. Nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele ya dirisha. Akatazama sana. Ni mtoto wa watu wa kioo kama mimi, anajua kutazama. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Naona mfupa tu," akasema. "Mfupa mzuri, mzima. Kioo kiko wapi?"

Nikaelekeza kidole.

"Kile changu," nikamwambia.

Lorna